Vidonda Vikauke Kwanza

Mtu akikwambia Sirad alikuwa mwoga tangu zamani, mkatalie. Huyu ni mwanamke aliyetoka Baidoa kwa miguu akimvuta bintiye mkono, akaishi Dadaab miaka ya jua na foleni, na yalipokuja yale mabasi ya kuwahamishia watu Kakuma akapanda na sufuria moja na bati lake la kupikia anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali. Njiani watu walitapika, watu walilia, yeye alisinzia. Alipofika alitazama vumbi la Turkana, akasema vumbi ni vumbi tu, na kesho yake alikuwa ameshawasha moto.

Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza kila mtu aliiona: alfajiri alipika anjera katika jiko lake la mabati lisilo na dirisha, moshi ukitoka mlangoni pamoja na wateja. Ya pili hakuitangaza, ila mtaa mzima wa Wasomali uliijua. Sirad alikuwa anachoma watoto. Usishtuke, maana hata yeye alichomwa, na mama yake kabla yake, huko kwenye ngamia ambako hapakuwa na daktari wa kukimbilia. Mtoto akishikwa na kifua, Sirad alichukua kijiti cha mgunga, akakilaza kwenye makaa mpaka ncha ikawa nyekundu, akamgusa mtoto kifuani mahali patatu, juu, katikati na chini. Mtoto alipiga ukelele, mama yake akageuza uso, na mambo yakaisha. Waliopona walihesabiwa kuwa wa Sirad. Waliokufa walihesabiwa kuwa wa Mungu. Kwa hesabu ya namna hiyo jina la mtu haliwezi kuchafuka.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Sista Jerotich wa kliniki alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mkali, na akimfunua mtoto akakuta alama mbichi za moto, alimgombeza mama mbele ya foleni nzima, Kiswahili kikimwishia anamalizia kwa Kikalenjin. Wanawake waliona aibu hiyo ni kubwa mno. Basi wakajiwekea utaratibu wao: mtoto akishachomwa, msimpeleke kliniki mpaka vidonda vikauke. Sirad mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasindikiza wateja wake mlangoni kwa maneno hayo. Vikauke kwanza, aliwaambia, ndipo muende. Yalimlinda yeye kama yalivyowalinda wao, na hakuwahi kuyafikiria zaidi ya hapo.

Bintiye Fowsiya aliyafikiria. Fowsiya alisoma hapo kambini mpaka sekondari, akajua Kiingereza na Kiswahili cha ofisini, na kifuani alikuwa na alama zake tatu ambazo alizifunika hata wakati wa joto lile la kuchemsha maji. Aliolewa na dereva wa malori ya Juba, na dereva huyo alivuka mpaka wa Nadapal siku moja akipunga mkono, hakurudi wala kupiga simu. Akabaki na mtoto wa kiume, Suldan. Mtoto alipoanza kusimama kwa kushika ukuta, Fowsiya alipata kazi Lodwar katika duka la vitambaa la mzee Elmi, akapanga chumba upande wa Nawoitorong, na mtoto akaachwa kwa bibi mpaka maisha yakae sawa.

Asubuhi ya kuondoka alimshika mama yake mikono yote miwili. "Hooyo, niapie," alisema. "Suldan hatachomwa. Akikohoa, mpeleke kliniki." Sirad alicheka kidogo, kama mtu anayeambiwa na mtoto namna ya kuchemsha chai. Lakini aliapa, kwa jina la Mungu, na Fowsiya akapanda gari.

Mvua za Aprili mwaka ule wa uchaguzi zilikuja kwa fujo. Laga ya Tarach, ambayo mwaka mzima ni mchanga wa kuchezea mpira, ilijaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo na kuikata kambi vipande. Kliniki ilikuwa ng'ambo. Suldan alianza kwa mafua. Kisha kikaja kikohozi, kikavu mwanzoni, halafu kikawa na kitu ndani yake kinachokwaruza. Alfajiri Sirad alimbeba mgongoni akipika anjera, kwa sababu hakutaka kumlaza peke yake, na mtoto akavuta moshi ule kila siku bila bibi kuona ubaya wowote. Jikoni ndiko kwenye joto, na mtoto wa kifua anataka joto.

Halafu Suldan akakataa uji. Alikiangalia kikombe, akageuza kichwa. Mwili wake ulikuwa wa moto na pua zake zilipanuka na kufunga kila alipovuta pumzi. Hapo ndipo woga ulipomwingia Sirad, na ulimwingia wote kwa mpigo mmoja. Alikuwa amewaona watoto wengi katika hali hiyo, lakini walikuwa wa watu wengine, na yeye alikuwa na kijiti mkononi na kazi ya kufanya. Huyu alikuwa wake. Alimfunga kwenye shuka, akashuka mpaka laga. Maji yalikuwa yanabeba mti mzima. Vijana waliokuwa wakivusha watu walisema leo hapana, mama, hata ngamia hapiti.

Alisimama ukingoni akiiona kliniki ng'ambo, paa lake la bati likimetameta, na mtoto akikoroma begani mwake. Aliogopa maji. Aliogopa kiapo. Zaidi ya vyote aliogopa kukaa na mtoto yule mikononi bila kufanya lolote. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akalaza kijiti kwenye makaa.

Ncha ilipokuwa nyekundu alimfunua mtoto kifua. Aligusa juu, akagusa katikati, akagusa chini. Suldan alilia kilio kifupi ambacho hakikuwa na nguvu, na Sirad akalia naye. Jioni Fowsiya alipopiga simu kama kawaida yake, aliambiwa mtoto ana mafua kidogo na amelala.

Kesho yake maji yalipungua, vijana wakaanza kuvusha watu, na njia ya kliniki ikawa wazi. Lakini sasa kifua cha Suldan kilikuwa na vidonda vitatu vibichi, na Sirad akafanya kile alichowafundisha wengine. Alivipaka samli, akamfunika mtoto kwa shuka mbili, akangoja vikauke. Kliniki wangempigia kelele, hilo angelivumilia. Lakini kelele za kliniki zingefika Lodwar. Kuna watu wa kupeleka habari, na Fowsiya angejua kwamba mama yake aliapa kwa jina la Mungu na kisha akamchoma mtoto. Kesho, alijiambia. Vikishika gamba, kesho. Na kesho ilipofika vilikuwa bado vinatoa maji, akasema kesho tena. Simu ikilia alijibu kwa sauti ya uchangamfu iliyomchosha kuliko kazi ya kutwa, kisha akaizima na kurudi kumsikiliza mtoto.

Siku zikapita hivyo. Kisha kikohozi kikanyamaza.

Jirani yake alikuwa Nyaboth, Mnuer kutoka Sudan Kusini, mwimbaji wa kanisani na mteja wa anjera. Mwislamu huyu na Mkristo huyu walikuwa wakitaniana kila asubuhi juu ya nani ataingia peponi na bati lake. Nyaboth alikuwa amekisikia kikohozi kile kupitia ukuta wiki nzima, na asubuhi alipokikosa alikuja mbio. Alimkuta Sirad ameketi na mtoto mapajani, ameviringishwa mpaka kidevuni.

"Amepata nafuu," Sirad alisema kabla hajaulizwa. "Kikohozi imekwisha."

Nyaboth aliingia ndani. Alipiga magoti, akaifunua shuka. Sirad alimshika mkono kumzuia, akachelewa. Ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kila pumzi, ikizama sana, na tumbo likipanda peke yake. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Vidonda vitatu viliwatazama wote wawili.

"Mama Fowsiya, haikuisha," Nyaboth alisema polepole. "Mtoto imechoka kukohoa. Twende."

"Kidonda ikauke kwanza," Sirad alisema. "Kesho."

"Hii kidonda itakauka kwa kaburi."

Nyaboth hakuwa na muda wa kubembeleza. Alimchukua mtoto akatoka naye, na Sirad akamfuata pekupeku kwenye matope.

Sista Jerotich alipomfunua Suldan, foleni yote ilingoja kelele. Hazikuja. Alimkimbiza mtoto ndani, akamwekea mpira wa hewa puani, akamchoma sindano, akaagiza gari. Ukimya ule ulimtisha Sirad kuliko matusi yoyote. Jerotich aliporudi na kuuliza mtoto amechomwa na nini, Sirad alisema chai. Chai ilimwagika. Jerotich aliziangalia zile alama, zimepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Akauliza ameumwa tangu lini.

"Jana," Sirad alisema.

Alisema hivyo kwa sababu jana ni neno dogo. Lilikwenda kwenye karatasi ya kumpeleka mtoto Lodwar, maana Jerotich aliposikiliza kifua aligundua upande mmoja hauingizi hewa kabisa, na jambo hilo lilitaka hospitali kubwa. Nyaboth alibaki kuangalia nyumba. Kabla gari halijaondoka alimpigia simu Fowsiya, kwa kuwa Sirad hakuweza.

Safari ile Sirad hakusinzia. Alikaa nyuma ya gari, Jerotich upande huu na yeye upande ule, mtoto katikati, na mtungi wa hewa umefungwa kwa mkanda. Kwenye mtungi palikuwa na saa yenye mshale. Hakuna aliyemwambia maana yake, ila aliona namna Jerotich alivyoitazama mara kwa mara, na akaelewa. Kilometa chache nje ya Kakuma walikuta laga nyingine imejaa. Malori yalikuwa yamesimama pande zote mbili, madereva wamekaa chini ya magurudumu wakitafuna miraa, hawana haraka. Dereva wao alishuka, akatia fimbo majini, akarudi akisema tungoje kidogo.

Basi wakangoja. Sirad aliangalia maji, akaangalia mshale, akaangalia mbavu za Suldan. Kila mbavu zilipoingia alibana pumzi yake mwenyewe mpaka zitoke. Mara moja zilikawia. Alianza kusali, akakwama katikati, kwa sababu kila alipolitaja jina la Mungu alikumbuka mara ya mwisho alipolitaja. Alitamani Jerotich amgombeze. Alitamani mtu yeyote aseme lile jambo kwa sauti. Jerotich alikuwa ameshika kidole cha mtoto, ametazama mshale, na uso wake pia ulikuwa wa mtu mwenye hofu. Hatimaye lori moja kubwa lilijaribu kuvuka, likapita, na dereva wao akafuata nyuma yake maji yakigonga milango.

Fowsiya alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali, buibui lake limejaa vumbi la Lodwar. Hakumsalimu mama yake. Alikimbia pembeni mwa machela mpaka wodini, na pale mwanga ulipokuwa mzuri akaona kifua cha mwanawe. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye shingo ya nguo yake, mahali palipo alama zake, ukabaki hapo.

Daktari alikuwa kijana wa Kiturkana, Ekwam, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Mtoto alipigwa picha ya kifua, na upande wa kulia ulionekana mweupe wote. Ekwam akamweleza Fowsiya, na kwa kuwa Kiswahili cha Sirad kilikuwa cha sokoni, akamwomba amtafsirie bibi kila neno. Weupe ule, alisema, unaweza kuwa pafu lililovimba tu, na dawa italimaliza. Au unaweza kuwa usaha uliokusanyika nje ya pafu na kulikandamiza. Kama ni usaha, inabidi atobolewe ubavuni sasa hivi. Lakini mtoto amechoka sana, na kumtoboa bure ni hatari. Usaha hauji kwa siku moja. Karatasi inasema ameanza kuumwa jana.

"Muulize mama," Ekwam alisema, "ni kweli ni jana?"

Fowsiya akauliza. Sirad alilielewa swali mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, na mara zote mbili lilimfikia mahali pamoja. Alimwangalia bintiye. Kama angesema jana, Fowsiya angemchukia kwa kuvunja kiapo, lakini labda siku moja angesamehe. Kama angesema kweli, hakujua kama angesamehewa. Mtoto alikoroma kitandani.

"Si jana," alisema. "Ana wiki na zaidi. Laga ilijaa nikaogopa, nikamchoma. Kisha laga ikapungua, njia ikawa wazi, nami sikumpeleka."

"Kwa nini?" Fowsiya aliuliza. Swali hilo daktari hakulitoa.

"Nilikuwa nangoja vidonda vikauke. Usije ukajua."

Ekwam alimtazama huyu akamtazama yule, akasubiri. Kisha Fowsiya akageuka, akatafsiri yote kwa sauti iliyonyooka kama anasoma ubaoni: wiki na zaidi, laga, moto, njia ilikuwa wazi, vidonda vikauke. Alipofika kwenye neno la mwisho, lile la usije ukajua, alilitafsiri nalo. Ekwam alikuwa ameshageuka kuagiza vifaa.

Walitolewa nje. Mama na binti walikaa kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Sirad alisikia chuma kikigonga sinia, akasikia watu wakizungumza chini chini. Kisha kikaja kilio. Kilikuwa kilio chenye hasira, cha mtoto mwenye hewa ya kulilia, na Fowsiya akainama akaufunika uso wake kwa mikono. Usaha uliotoka ubavuni mwa Suldan, Jerotich aliwaambia baadaye, ulijaza kikombe. Wangengoja mpaka asubuhi, hakusema ingekuwaje.

Suldan alipona, lakini hakurudi Kakuma. Fowsiya alisema hivyo bila ukali siku ya kutoka hospitali, akimfunga mgongoni: mtoto atakaa Nawoitorong, mke wa Elmi atamwangalia mchana. Sirad aliitikia. Alitaka kumshika mtoto mkono, akaona afadhali asiombe. Fowsiya alikwenda hatua chache, akarudi, akamgeuzia mgongo ili mtoto awe upande wa bibi. Suldan alimshika bibi pua kama alivyozoea. Kisha wakaenda.

Kakuma nyumba ilikuwa kimya. Sirad alihamishia jiko uani, akakivunja kijiti, na woga haukumtoka. Mtoto wa mtaa akikohoa, hata nyumba ya tatu, anjera ilimwungulia kwenye bati. Nyaboth alimtania kwamba siku hizi anapika makaa, naye akacheka ili jirani aridhike.

Wiki chache baadaye alikuja msichana mmoja wa Kisomali, mgeni kambini, mtoto wake ameviringishwa mpaka kidevuni. Aliomba Sirad amchome. Shangazi yake alishamchoma juzi, alisema, ila moto umekataa, labda mkono wa Sirad utafaa zaidi. Sirad aliuliza kama ameenda kliniki. Msichana akamtazama kwa mshangao, akamwita kwa heshima kama shangazi.

"Bado, eedo. Vidonda vikauke kwanza."

Sirad alimsogelea. Kisha akaifunua shuka. Hakuhitaji kutazama sana. Alimchukua mtoto, akamshika msichana mkono kama alivyomvuta Fowsiya zamani, akashuka naye laga, ambayo sasa ilikuwa mchanga mtupu. Njiani msichana alianza kulia, akisema watamgombeza, watamwaibisha mbele za watu. Sirad alimwambia atembee.

Foleni ilikuwa ndefu. Sista Jerotich alimfunua mtoto, akaona alama tatu mbichi, na safari hii sauti yake ilipanda.

"Nani amefanya hii?"

Msichana aliinamisha kichwa. Sirad akasogea mbele yake.

"Mimi," alisema.

Jerotich alimtazama, akimkumbuka, akikumbuka gari na mshale wa mtungi. Halafu alimgombeza. Alimgombeza mpaka watu wa mwisho wa foleni wakasimama kutazama, mpaka Kiswahili kikamwishia akaingia Kikalenjin. Sirad aliitikia kila neno. Hakujitetea wala kuondoka mlangoni, na nyuma ya mgongo wake yule msichana alikuwa ameshapita ndani, mtoto wake akiwekewa hewa na muuguzi mwingine.